Kufunga kipokezi cha rimoti ya redio kwa TV, king'amuzi na muziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Simu huwa inakuja wiki moja baada ya seremala kuondoka. Kabati la TV limependeza, milango ya mninga inang'aa, nyaya zote zimefichwa, na king'amuzi hakisikii rimoti tena. Mwenye nyumba ameshanunua betri mpya, kazigeuza, kaigonga rimoti kwenye kiganja, wapi. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu kazi hii, na majibu ni yale yale ninayoyatoa nikiwa nimepiga magoti nyuma ya TV.

Kipokezi cha rimoti ya redio ni kitu gani hasa?

Rimoti ya kawaida ni tochi. Mbele yake kuna taa ndogo ya LED inayotoa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo unawaka na kuzimika kwa kasi kubwa, kwa vifaa vingi ni kati ya mara 36,000 na 40,000 kwa sekunde, na mpangilio wa vipindi vya kuwaka hivyo na vya kutulia ndio unaokuwa amri: ongeza sauti, zima, nenda chaneli ya 5. Na kama tochi nyingine yoyote, mlango wa mbao ukiwekwa mbele yake, kazi imeishia hapo.

Rimoti ya redio inatumia mawimbi ya redio, ndugu wa yale ya rimoti ya geti au ya gari. Mbao si kitu kwake, na ukuta inaupita kwa kiasi. Shida ni kwamba king'amuzi chako na amplifaya yako hazijui lugha hiyo, zinajua mwanga tu. Kwa hiyo anahitajika mkalimani. Kipokezi kinasikia redio, kinaigeuza kuwa infraredi, kisha kinaitoa kupitia taa ndogo zenye waya mwembamba zinazobandikwa juu ya jicho la kila kifaa, yaani pale kinapopokelea mwanga wa rimoti. (Ningeziita vitaa, lakini vijana wangedhani naongelea mtaani kwao. Humu nitaziita taa za kubandika.)

Safari ya amri basi ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni redio, kutoka mkononi mwako hadi kwenye kipokezi, na kinaweza kufika mita kumi au zaidi. Cha pili ni mwanga, kutoka kwenye taa ya kubandika hadi kwenye jicho la kifaa, sentimita moja tu. Lawama zote hutupiwa kipande cha kwanza. Mimi makosa mengi nimeyakuta kwenye ile sentimita moja, na ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi pale pale.

Nina uhakika gani kwamba nakihitaji?

Pengine hukihitaji, na ni afadhali ujue kabla ya kutoa hela. Jaribu kwanza haya.

Kama vifaa vyako vimeunganishwa na TV kwa HDMI, ingia kwenye mipangilio ya TV utafute kitu kinachoitwa CEC. Kila kampuni imekipa jina lake: Samsung wanakiita Anynet+, LG wanakiita Simplink, Sony wanakiita Bravia Sync. Kikiwashwa, rimoti ya TV inaweza kupandisha sauti ya saundiba au kuendesha kifaa kilichofichwa kabatini kwa kupitia kebo ile ile ya HDMI. TV iko ukutani mbele yako, rimoti yake inaonana nayo, umemaliza. Si vifaa vyote vinavyotii, hasa ving'amuzi, lakini jaribio ni la bure.

Pili, angalia mlango wenyewe. Kioo cheusi kinachoonekana kama kinazuia kila kitu mara nyingi kinapitisha infraredi bila shida. Kitambaa cha spika nacho kinapitisha. Nimewahi kumwambia mtu amrudie seremala, atoe ubao mmoja wa mlango na kuweka kitambaa hicho, na shida ikaisha kwa bei ya mita moja ya kitambaa.

Tatu, kama utakaa chumba hicho hicho kila siku, ipo seti ya waya isiyo na redio kabisa: jicho dogo linalobandikwa pembeni ya TV, waya unaoingia kabatini, na taa za kubandika. Haina masafa, haina jirani wa kuingiliana naye, na rimoti zako za zamani zinabaki. Ukiuliza fundi asiyetaka kukuuzia kitu, atakushauri hii.

Redio inastahili pale ambapo vifaa viko chumba kingine, au unataka kubadilisha chaneli ukiwa barazani, au umechoka kuielekeza rimoti kama bunduki.

Nitajuaje kama vifaa vyangu vitakubali?

Swali ni moja: kifaa kina jicho la infraredi? Ving'amuzi vya kawaida vinalo. TV, amplifaya, deki za DVD, redio za sabufa zenye rimoti, hata viyoyozi vingi, vinalo. Xbox One inalo. Apple TV inalo.

Vijiti vya kuchomeka nyuma ya TV ndivyo vinavyowaangusha watu. Fire TV Stick haina jicho, rimoti yake inazungumza nayo kwa Bluetooth. Chromecast yenye Google TV ni vivyo hivyo, na PlayStation 5 pia. Unaweza kubandika taa kumi juu yake, ni kama kumpungia mkono kipofu. Habari njema ni kwamba Bluetooth yenyewe ni redio, kwa hiyo kijiti hicho hakihitaji msaada wako kwa mlango wa mbao.

Tahadhari kwa wenye vifaa vya Bang & Olufsen: infraredi yao inakwenda kasi ya 455 kHz (mara 455,000 kwa sekunde), na vipokezi vingi vimetengenezwa kwa ajili ya ile ya 36 hadi 40 kHz. Hakikisha kipokezi kimeandikwa kwamba kinaibeba.

Sokoni kuna aina gani?

Ya kwanza ni piramidi mbili, visanduku vidogo vyenye umbo hilo. Moja inakaa ulipo wewe, inapokea infraredi ya rimoti yako ya kawaida na kuirusha kwa redio; nyingine iko kwenye vifaa, inaipokea na kuirudisha kuwa infraredi. Ni nzuri kwa mtu mwenye king'amuzi sebuleni na TV ya pili chumbani.

Ya pili inaingia ndani ya rimoti yenyewe: betri ndogo ya kuchaji iliyowekwa pamoja na kirushio ndani ya ganda lenye ukubwa wa betri ya kawaida. Unaondoa betri moja, unaweka hiyo. Ni ujanja mzuri, ila huwa na chaji ya muda mfupi na watoto huipoteza wakidhani ni betri iliyokwisha.

Ya tatu ni seti kamili: rimoti moja ya vyote na kipokezi chenye matundu kadhaa ya taa za kubandika. Hii ndiyo ninayoizungumzia zaidi humu, kwa kuwa ndiyo inayofungwa vibaya zaidi.

Halafu kuna ya nne, ya Wi-Fi, inayoendeshwa kwa simu. Nitaifikia.

Ndugu yangu yuko Marekani, ananiletea seti. Zile namba za MHz zina maana?

Zina maana sana. Kwa nchi zetu bendi iliyozoeleka kwa vifaa vidogo hivi ni 433.05 hadi 434.79 MHz, na vingi vimeandikwa 433.92. Bendi hiyo ni ya kanda ya kwanza ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), yenye Ulaya na Afrika. Marekani iko kanda ya pili. Huko utakuta seti za 315, za 418, au za bendi ya 902 hadi 928 MHz. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuikwepa kabisa: kwetu simu za mkononi za bendi ya 900 hurusha kati ya 880 na 915 MHz, na minara huzijibu kati ya 925 na 960. Utakuwa umeweka kiti chako katikati ya barabara.

Za 2.4 GHz hazina mpaka huo, zinatumika duniani kote, ila zinagombania nafasi na Wi-Fi, Bluetooth na oveni ya maikrowevu.

Kuhusu sheria, kifaa chochote kinachorusha redio kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa. Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Hakuna atakayekuja kubisha hodi kwa sababu ya rimoti, lakini ukinunua iliyoidhinishwa una uhakika masafa yake ni ya hapa.

Na muulize ndugu yako asome maandishi madogo ya adapta kabla hajafunga begi. Ikiandikwa INPUT 100–240V, sawa, utahitaji plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia harufu kabla hujaona taa.

Kipokezi nikiweke wapi?

Watu hukiweka nyuma ya TV kwa sababu ndipo penye nafasi, na hapo ndipo pabaya kuliko pote. Vibao vya umeme vya TV na chaja za bei rahisi hutoa kelele za redio, na kipokezi kinachosikiliza sauti ndogo ya rimoti hakiwezi kuisikia katikati ya kelele hizo. Kifaa cha USB 3.0, kama diski ya nje yenye filamu, kinachafua 2.4 GHz kiasi kwamba ukikiweka kando ya kipokezi cha masafa hayo, mawasiliano yanaweza kukatika kabisa.

Kisogeze. Nusu mita kutoka kwenye TV na amplifaya inatosha mara nyingi. Kiweke juu ya kabati au kando yake, kisilale juu ya bati la king'amuzi, kisikae nyuma ya kioo cha kujitazama maana ule upako wa nyuma ya kioo unazuia redio. Kabati la chuma ndilo gumu zaidi: redio haiingii ndani ya sanduku la chuma, kwa hiyo kipokezi kikae nje na nyaya za taa ndizo ziingie ndani.

Antena iachwe ilivyo. Ule waya unaoning'inia wa kipokezi cha 433 MHz una urefu wa kama sentimita 17 kwa makusudi, ni robo ya wimbi lake. Mteja mmoja aliukata akidhani umebaki kiwandani. Mwingine aliuzungusha kwenye msumari uwe nadhifu. Wote wawili walinilipa nauli ya kwenda kuunyoosha, na wa kwanza alilipa na waya mpya.

Nifunge vipi, mwanzo hadi mwisho?

Anza mezani, usianze kabatini. Kipe kipokezi umeme, weka betri mpya kwenye rimoti, na uvioanishe kama kijitabu kinavyosema. Baadhi vina vijiswichi vya namba vinavyotakiwa kufanana pande zote mbili, vingine unashikilia kitufe mpaka taa iwake na kuzima. Bonyeza kitufe chochote: taa ya kipokezi ikicheza, kipande cha kwanza cha safari kimekamilika.

Kisha fundisha rimoti. Rimoti nyingi za vyote zina orodha ya misimbo ya TV zinazojulikana, lakini ving'amuzi vya huku mara nyingi havimo, kwa hiyo utaifundisha kitufe kwa kitufe. Laza rimoti mbili zikitazamana uso kwa uso, sentimita tatu hadi tano, kwenye meza isiyopigwa na jua. Rimoti ya zamani iwe na betri nzima, la sivyo unamfundisha mtoto kusoma kwa kitabu kilichofutika.

Sasa hamia kabatini. Chomeka plagi za taa za kubandika, zile za milimita 3.5 zinazofanana na za hedifoni, kwenye matundu yaliyoandikwa IR OUT (IR ni kifupi cha infraredi). Kipo kipokezi chenye tundu la IR IN pia. Plagi zinaingia kote kote, na ukikosea taa hazitafanya kazi. Usichomeke kebo moja kwa moja kwenye tundu la IR IN nyuma ya amplifaya kabla ya kusoma vitabu vya pande zote mbili, maana volti zinaweza kutofautiana.

Shikiza taa kwenye uso wa kifaa kwa selotepu tu. Usitoe karatasi ya gundi kwanza. Jaribu kila kitufe, sogeza milimita chache, jaribu tena, funga milango ya kabati, jaribu mara ya tatu. Ukiridhika, futa uso wa kifaa kwa spiriti (nyumba zetu zina vumbi na mafuta ya jikoni yanayosafiri), subiri ukauke, ndipo ubandike. Waya upite mbali na kona inayobanwa na mlango. Hapo ndipo unapokatika baada ya mwezi, na unakatika ndani bila ganda kuonyesha chochote.

Jicho la kifaa liko wapi? Silioni.

Limejificha nyuma ya plastiki nyeusi inayong'aa. Zima taa za chumba, mulika plastiki hiyo kwa tochi ya simu kwa upande, na utaona kiduara au kijidoa cheusi chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Usipokiona, fanya hivi: sogea na rimoti ya asili karibu kabisa, ifunike mbele kwa vidole ubakize upenyo mdogo, kisha tembeza upenyo huo juu ya uso wa kifaa huku ukibonyeza. Sehemu ambayo kifaa kinajibu, jicho ni hapo. Kwenye TV nyingi liko ukingo wa chini, katikati au kulia.

Taa ya kipokezi inacheza nikibonyeza, lakini kifaa hakijibu. Kipokezi kibovu?

Kama taa inacheza, redio imefika. Kibaya kiko mbele ya hapo.

Chukua simu, fungua kamera ya mbele, ile ya selfi, maana kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio cha infraredi. Elekeza kwenye taa ya kubandika huku mtu mwingine akibonyeza rimoti. Ukiona mng'ao wa zambarau kwenye skrini, taa ni nzima na imebandikwa vibaya. Usipouona, angalia plagi imeingia mpaka mwisho, halafu badilisha tundu, halafu badilisha taa.

Nilikwenda nyumba moja Mbezi ambako kipokezi kilikuwa cha tatu. Viwili vilisharudishwa dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone hii takataka yenu."

Kipokezi kilikuwa kimekaa vizuri, juu ya kabati, antena imesimama. Taa ya kubandika nayo ilikuwa imebandikwa kwa ustadi, katikati kabisa ya ile taa nyekundu inayowaka TV ikiwa imezimwa. Aliyefunga alidhani jekundu ndilo jicho. Jicho lilikuwa vidole vinne kulia. Niliing'oa, nikaisogeza, mama akabonyeza, na taarifa ya habari ikaanza kusomwa katikati ya sentensi.

"Yaani ni hapo tu?"

"Ni hapo tu mama."

"Basi na hela ntakupa ya hapo tu."

Kifaa kinawaka kisha kinazima hapo hapo. Au sauti inaruka namba mbili mbili.

Kinapata amri mara mbili. Rimoti nyingi za redio bado zinarusha na infraredi kwa mbele, kwa hiyo TV iliyo wazi ukutani inaipata moja kwa moja, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye inaipata tena kupitia taa ya kubandika. Kitufe cha kuwasha ndicho cha kuzima, basi inawaka na kuzima.

Dawa ni kuchagua njia moja. Ingia kwenye mipangilio ya rimoti, sema TV iendeshwe kwa infraredi tu na vilivyo kabatini viendeshwe kwa redio tu. Kama rimoti haikupi nafasi hiyo, ondoa taa ya kubandika ya TV. Au funika taa na jicho kwa kipande cha tepu nyeusi ya umeme, mwanga wa nje usiingie, ila rimoti ya asili ya TV nayo haitafanya kazi tena.

Nikibonyeza "Tazama TV" vitu vingine vinawaka na vingine vinazima.

Hii ni jamaa ya hiyo ya juu. Kitufe kimoja kinatuma amri ya kuwasha kwa vifaa vitatu, lakini kimoja kilikuwa kimeshawaka, kwa hiyo kwake amri ile ile imekuwa ya kuzima. Vifaa vingi vina amri ya siri ya kuwasha peke yake na nyingine ya kuzima peke yake, ambazo hazina kitufe kwenye rimoti ya asili. Zitafute kwenye orodha ya misimbo ya rimoti yako chini ya maneno POWER ON na POWER OFF. Kisipokuwa nazo, jaribu kuanza na kitufe cha namba: ving'amuzi kadhaa vikiwa usingizini huamka ukibonyeza chaneli yoyote, na kama kimeshaamka hakizimi.

Nichukue umeme wa kipokezi kwenye USB ya TV?

Usichukue. TV nyingi zikizimwa zinakata umeme wa USB. Utazima TV kwa rimoti usiku, kipokezi kitakufa pamoja nayo, na asubuhi hakuna wa kupokea amri ya kuwasha. Nimeitwa mara mbili kwa sababu hiyo tu, na mara zote mbili "kilikuwa kinafanya kazi vizuri jana". Tumia adapta yake mwenyewe, kwenye soketi isiyozimwa swichi wakati wa kulala.

Umeme ukikatika, mipangilio inapotea?

Vipokezi vingi vinaihifadhi kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Kinachopotea ni hali ya vifaa: umeme ukirudi, amplifaya inaweza kubaki imezima wakati king'amuzi kimejiwasha, na kile kitufe chako cha "Tazama TV" kinachanganyikiwa kama nilivyoeleza. Umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza adapta ndogo. Weka kila kitu kwenye kinga moja ya umeme, ile ya kuzuia volti kupanda ghafla.

Inafanya kazi usiku, mchana inagoma.

Jua. Mwanga wake umejaa infraredi, na ukiingia dirishani ukaliangukia jicho la kifaa au piramidi, jicho linazidiwa. Taa fulani za kubana umeme pia hulisumbua; utaona taa ya piramidi inacheza yenyewe wakati hakuna aliyebonyeza, na ikicheza hivyo amri yako haipati nafasi ya kupita. Zima taa moja moja mpaka umpate mhusika. Pazia linamaliza habari ya jua.

Nina ving'amuzi viwili vya aina moja. Nikibadilisha kimoja na kingine kinabadilika.

Vinazungumza lugha moja na viko chumba kimoja. Unahitaji kipokezi ambacho kila tundu linaweza kupewa kifaa chake, ili amri za king'amuzi A zitoke tundu la kwanza tu. Hata hivyo mwanga unavuja: taa za kubandika nyingi zinaonyesha kwa nje pia. Nunua zenye mgongo mweusi usiopitisha mwanga, funika kila moja kwa tepu nyeusi, na kama kipokezi kina kirekebisho cha nguvu, punguza mpaka kifaa kiache kujibu halafu rudisha kidogo.

Jirani anaweza kubadilisha chaneli zangu?

Kwenye maghorofa, ndiyo, kama mmenunua seti za aina moja na wote mmeacha namba ya kiwandani. Badilisha namba ya kuoanisha pande zote mbili. Kengele ya mlango isiyo na waya na rimoti ya geti zikiwa kwenye 433 zinaweza kukatiza kwa sekunde moja, lakini haziwezi kutoa amri yako.

Itapita ukuta wa aina gani?

Ile "mita 30" ya kwenye boksi imepimwa uwanjani. Tofali za kawaida inazipita. Zege lenye nondo linaila sana. Kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe au Lamu, nene kama zilivyo, usizitegemee. Weka kipokezi upande wa mlango, redio ipite ulipo uwazi. Kabla ya kutoboa chochote, tembea nyumba nzima na rimoti huku mtu amekaa anaangalia taa ya kipokezi na kupaza sauti. Hiyo ndiyo ramani yako.

Kwa TV ya chumba cha pili, wenye ving'amuzi vya satelaiti vya zamani vyenye tundu la kutoa picha kwa kebo ya antena wana njia nyingine: jicho dogo linalofungwa mwisho wa kebo hiyo hiyo, chumbani, na amri inarudi kwa kebo hadi kwenye king'amuzi. Linahitaji volti 9 kutoka king'amuzini, ambazo lazima ziwashwe kwenye menyu. Kama king'amuzi chako kina HDMI tu, sahau.

Waya wa taa ni mfupi. Naweza kuurefusha?

Unaweza. Kebo ya kurefushia hedifoni ya milimita 3.5 inafaa. Ukiunga kwa mkono, angalia nyuzi zisipishane, LED inawaka upande mmoja tu.

Na hizi za Wi-Fi za kuendesha kwa simu?

Zinafanya kazi, na kwa viyoyozi nazipenda. Kwa TV sizipendi, kwa sababu kupandisha sauti kunakuwa safari: chukua simu, fungua, tafuta programu, subiri, wakati goli limeshafungwa na kurudiwa. Nyingi hutaka Wi-Fi ya 2.4 GHz wakati wa kuziunganisha, kwa hiyo kama ruta yako inatoa ya 5 pekee hazitaiona. Na kuwa macho na mitumba: Logitech walitangaza mwaka 2021 kwamba wameacha kutengeneza rimoti za Harmony, na kuzipanga upya kunategemea seva za kampuni. Bei yake ya sasa mtaani inavutia kwa sababu hiyo hiyo.

Nikihama, nazibanduaje taa bila kukwangua TV?

Pitisha uzi wa kushonea chini yake, vuta kulia kushoto kama msumeno, taratibu. Gundi iliyobaki isugue kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Plastiki inayong'aa haipendi petroli wala kiwembe.